Changamwe Iliwahi Kuwa Sakafu ya Bahari: Tope Linavyotunza Habari za Mvua na Kiangazi

Fundi alikuwa akichimba shimo la choo nyuma ya nyumba ya jamaa yangu huku Magongo. Futi tano za mwanzo alikwenda bila taabu. Kisha sururu ikaanza kutoa kitu cha kijivu kinachokatika vipande bapa, vyembamba, vinavyovunjika mkononi. "Mzee, huu si udongo wala si jiwe," akaniambia huku akijipangusa jasho. "Hii ni biskuti." Jamaa yangu hakujali biskuti. Yeye alitaka kujua mbona ukuta wa jirani umepasuka kutoka dirishani hadi kwenye msingi, na nyumba yenyewe haijafika miaka kumi.

Maswali hayo mawili yana jibu moja, na jibu lenyewe linatupeleka mbali zaidi kuliko shimo la choo.

Biskuti ile ni tope la baharini lililogandamizwa likawa mwamba. Wanajiolojia wana jina lake la Kiingereza ambalo ukilitamka kwa Kiswahili latoka "sheli", nasi huku sheli ni mahali pa kutia mafuta, kwa hivyo nitaliita jiwe la tope. Mwaka 1953 Idara ya Jiolojia ya Kenya ilichapisha ripoti ya P. V. Caswell kuhusu miamba ya Mombasa na Kwale, na humo ndani mwamba huu umepewa jina la mtaa wetu. Tuna mwamba wa Changamwe, wa Miritini na wa Rabai, kila mmoja tabaka lake. Ule wa Changamwe ni wa mwishoni mwa enzi ya Jurasi, takribani miaka milioni 150 iliyopita. Wakati huo Madagaska ilikuwa imeanza kujitenga na bara letu, na bahari changa ikaingia kwenye pengo. Pale ambapo leo malori yanapanga foleni kuelekea bandarini palikuwa chini ya maji, na tope lilikuwa likishuka polepole.

Ushahidi haukutokana na tope peke yake. Ndani ya mawe haya ya Mombasa huonekana visukuku vya amonaiti, jamaa wa kale wa pweza na ngisi, ila wao walibeba gamba lililojikunja kama pembe ya kondoo. Mjerumani Johann Maria Hildebrandt alikusanya baadhi yao alipopita Mombasa katika karne ya 19, na mwaka 1877 mwanazuoni Ernst Beyrich akawaeleza mbele ya chuo cha sayansi cha Berlin. Kwa hivyo Berlin ilikuwa na habari za bahari ya kale ya Mombasa kabla reli haijafika Makupa. Watoto wetu wanaosoma juu ya mwamba wenyewe hawajaambiwa. Hilo ni langu la pembeni, tuendelee.

Anayepanda matatu kutoka mjini kwenda Mariakani anasafiri kurudi nyuma katika wakati bila kujua. Kisiwa chenyewe, pamoja na Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593, kimekaa juu ya jiwe la matumbawe ambalo sehemu yake kubwa ni ya miaka kama 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ukivuka Makupa unaingia kwenye jiwe la tope la Jurasi. Ukipanda Mazeras unakuta mchanga uliokuwa mwamba, yale mawe bapa ya kupambia nyua na kuta za matajiri, ambayo ni ya kale zaidi. Ukifika Taru umerudi nyuma zaidi tena. Nauli ni ile ile.

Sasa tuje kwenye tope lenyewe. Neno letu la kitaalamu ni mashapo, na halihitaji kamusi kwa mtu wa Pwani. Ni yale yanayobaki chini ya kikombe cha kahawa chungu pale barazani. Bahari nayo ina mashapo yake. Mito huleta udongo, upepo huleta vumbi, volkano huleta majivu, na viumbe vidogo vya baharini vikifa huacha magamba yao ya chokaa. Vyote hushuka chini na kulala tabaka juu ya tabaka. Karibu na mdomo wa mto tabaka hujaa haraka. Katika bahari kuu, mbali na nchi kavu, huongezeka sentimita chache tu kwa kila miaka 1,000. Bomba la mita kumi likichomolewa kule linaweza kubeba habari za miaka laki kadhaa.

Habari hizo zimo katika madini ya udongo, chembe zilizo ndogo kuliko elfu mbili za milimita. Unywele wa kichwa una unene wa mara 30 au 40 zaidi ya hapo. Chembe hizi huzaliwa nchi kavu, mwamba unapooza kwa mvua na joto, na kila hali ya hewa huzaa aina yake.

Penye joto na mvua nyingi ya mwaka mzima, maji huosha karibu kila kitu kinachoyeyuka na kubakisha kaolinaiti, ule udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri. Penye masika na kiangazi vinavyopokezana, hasa juu ya miamba ya volkano, hutokea smektaiti. Hiyo ndiyo iliyojaa katika ule udongo mweusi wa bara unaonata kwenye gumbuti wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa jua. Penye ukavu au baridi mwamba hausagwi kwa kemia bali huvunjika tu, na hapo hutoka ilaiti na kloraiti. Na katika majangwa kama ya Bara Arabu kuna moja lenye umbo la nyuzi, paligoskaiti, ambalo likionekana kwa wingi katika mashapo ya baharini mtu huanza kufikiria vumbi la jangwani.

Rangi nayo hutoa ushahidi. Dongo Kundu si jina la kubuni. Wazee waliopaita hivyo waliona udongo mwekundu wakasema. Wekundu huo ni wa chuma kilichopata kutu, hematiti, ambayo hupendelea joto lenye msimu mkavu. Penye unyevu wa kudumu chuma hicho hicho huelekea kuwa goethaiti, ambayo ni ya kahawia na manjano.

Smektaiti ndiyo inayoweza kujibu swali la jamaa yangu. Chembe yake imejengwa kama karatasi zilizopangwa, na maji hupenya baina ya karatasi na kuzitanua. Udongo wenye madini haya kwa wingi huvimba mvua ikinyesha na hunywea jua likiwaka, na nyumba iliyo juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka hadi ukuta unachoka. Ufa unaoanzia pembeni mwa dirisha ni dalili yake ya kawaida. Sisemi kila ufa wa Changamwe ni wa smektaiti, maana saruji ya kupunja nayo ina sehemu yake. Lakini kabla ya kumlaumu fundi ni vizuri udongo upimwe.

Tabia hiyo hiyo ya kuvimba ndiyo mtego wa mtaalamu maabarani. Tope huoshwa, chembe ndogo hutengwa kwa kuziacha zishuke ndani ya mrija wa maji, kisha hupakwa juu ya kioo na kupigwa miale ya eksirei. Miale hiyo hurudi ikisema karatasi za chembe ziko umbali gani baina yao. Kwa kaolinaiti ni kama nanomita 0.7, kwa ilaiti ni 1. Smektaiti hutiwa glaikoli, jamaa ya dawa wanayotia mafundi kwenye rejeta za malori, nayo huvimba hadi nanomita 1.7 na kujifichua. Kaolinaiti na kloraiti hufanana sana, basi sampuli hupashwa moto wa nyuzi 550. Alama ya kaolinaiti hupotea. Mwisho wa kazi mtaalamu ana hesabu ya kila tabaka, kwamba hapa kaolinaiti ilikuwa nyingi na pale ilipungua.

Magamba ya chokaa huongeza ushahidi wa aina nyingine. Oksijeni ina uzito wa aina zaidi ya moja, na uwiano wa nzito na nyepesi ndani ya gamba hutegemea joto la maji na wingi wa barafu duniani wakati kiumbe kilipoishi.

Bahari yetu imechunguzwa kwa njia hizi kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1933 meli ya Misri iitwayo Mabahiss iliondoka Aleksandria na mabaharia wengi wao Wamisri, ikazunguka Bahari ya Hindi hadi 1934, ikitia nanga Mombasa na Zanzibar njiani. Kiongozi wa kisayansi alikuwa Seymour Sewell. Mwaka 1972 ikaja Glomar Challenger, meli ya Marekani yenye mnara wa kuchimbia, ikatoboa mashariki mwa pwani ya Kenya katika maji ya kina cha zaidi ya mita 4,000 na kushuka zaidi ya mita 1,000 ndani ya mashapo, hadi tabaka za enzi za dainosa. Mwaka huo huo ilikuwa imetoboa pia Ghuba ya Aden.

Hapo Ghuba ya Aden ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote. Ndani ya mashapo yale kulikuwa na tabaka za majivu ya volkano. Majivu kila mlipuko una kemia yake, kama sahihi ya mtu. Wataalamu walipolinganisha, sahihi kadhaa zilikuwa zile zile za majivu yanayopatikana karibu na Ziwa Turkana na huko Ethiopia, katika tabaka zenye mifupa ya watu wa kale. Majivu ya Tulu Bor, ya miaka kama milioni 3.4 iliyopita, yamo Turkana na yamo chini ya bahari. Upepo uliyabeba siku chache tu, na leo yanatumika kama pini ya kushikiza kalenda mbili, ya nchi kavu na ya baharini.

Vumbi nalo lilihesabiwa. Mmarekani Peter deMenocal na wenzake walipima vumbi lililoanguka katika Bahari ya Arabu na kuona kwamba kuanzia karibu miaka milioni 2.8 iliyopita Afrika Mashariki na Arabuni zilianza kupata vipindi vya ukavu mkali zaidi, na tena karibu na milioni 1.7 na milioni 1. Watu wetu wa majahazi walijua kaskazi na kusi kwa kuhesabu siku za tanga. Mashapo yanahesabu pepo hizo hizo kwa maelfu ya miaka.

Ila usidhani kwamba kila kaolinaiti ni shahidi wa mvua. Hapa ndipo wanafunzi huteleza, na Changamwe ni mfano mzuri. Tope linaloingia leo katika hori la Mwache, nyuma ya Miritini, sehemu yake linatokana na mmomonyoko wa mawe haya haya ya Jurasi. Madini yake yalizaliwa kwa mvua za miaka milioni 150 nyuma. Mtu wa baadaye akiyachimbua na kusema, "Hivi ndivyo ilivyokuwa hewa ya Mombasa katika karne ya 21," atakuwa amesoma barua ya babu akidhani ni ya mjukuu. Lazima kwanza ujue tope limetoka wapi.

Mtego wa pili ni umbali. Kaolinaiti huelekea kuanguka karibu na pwani, na smektaiti, kwa udogo wake, husafiri mbali zaidi. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa mita kama 120. Kilindini na Tudor yalikuwa mabonde ya mito, na mito hiyo ilimwaga tope mbele zaidi. Sampuli ya bahari kuu inaweza kuonyesha kaolinaiti ikiongezeka, si kwa sababu ya mvua, bali kwa sababu ufuo ulisogea. Ndiyo maana mtaalamu mwaminifu hategemei shahidi mmoja.

Kwa enzi ya mwamba wetu, shahidi mwingine yuko Tanzania. Kilima cha Tendaguru, karibu na Lindi, kina tabaka za umri unaokaribiana na wa mwamba wa Changamwe, na kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walitoa huko zaidi ya tani 200 za mifupa ya dainosa, iliyobebwa na wapagazi wa Kiafrika hadi bandarini Lindi. Tabaka za bahari na za nchi kavu zinapokezana pale. Mashapo na mabaki ya miti yanaashiria nchi yenye joto, mvua za msimu na kiangazi kirefu. Kwa maneno mengine, si mbali na hali anayoijua mkulima wa Kinango.

Shahidi wa karibu zaidi ni matumbawe ya Malindi. Matumbawe makubwa huongeza tabaka kila mwaka kama mti. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake walichapisha matokeo ya tumbawe la miaka 300 lililoota karibu na mdomo wa Sabaki. Walipima bariamu. Elementi hii husafiri mtoni ikiwa imeng'ang'ania chembe za udongo, ikifika kwenye maji ya chumvi huachia, na tumbawe huimeza ndani ya chokaa chake. Udongo mwingi mtoni, bariamu nyingi katika tumbawe. Kuanzia 1700 hadi 1900 kiwango hakikubadilika sana. Baada ya 1900 kinapanda. Watafiti wanahusisha mwanzo wa kupanda huko na kilimo cha walowezi wa Kiingereza, na mwendelezo wake na ongezeko la watu juu ya ardhi ile ile.

Yaani udongo wa Ukambani na wa nyanda za juu ulianza kuhamia Malindi chini ya bendera ya mkoloni, na haujaacha kuhama chini ya bendera yetu. Hakuna hotuba ya siasa iliyowahi kunieleza historia ya ardhi ya Kenya waziwazi kama kipande hicho cha chokaa.

Sisi wa Changamwe tuna kisa chetu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi mno katika hori la Mwache, na mikoko mingi ikafa kwa kuzibwa mizizi yake ya kupumulia. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari iliyoko Mkomani, wamelichunguza hori hilo. Tabaka la mwaka ule bado liko pale chini ya matope ya leo. Wavuvi waliokuwa wakitega kamba huko hawahitaji eksirei kulikumbuka.

Na hapo ndipo habari hii inapoacha kuwa ya makumbusho. Bwawa la Mwache, huko Kinango, limepangwa kuleta maji Mombasa, na kila mama wa Chaani anayenunua maji kwa mtungi anajua maana yake. Bwawa lina maadui wawili, ambao ni ukame na tope. Kuhusu tope, mto huo ulishatuonyesha unavyoweza kufanya katika msimu mmoja. Kuhusu ukame, mashapo yana la kusema ambalo halifurahishi. Mwaka 2015 Jessica Tierney na wenzake, wakitumia mashapo ya Ghuba ya Aden, walionyesha kwamba kukauka kwa Pembe ya Afrika katika karne ya 20 si kwa kawaida ukilinganisha na miaka 2,000 iliyopita, na kunakwenda sambamba na ongezeko la joto duniani. Lakini programu nyingi za kompyuta zinazotabiri hali ya hewa zinasema eneo hili litapata mvua zaidi dunia ikipata joto. Tope linasema hivi na kompyuta inasema vile.

Sisemi kompyuta ni ya kutupwa. Pembe ya Afrika si Kinango, na mvua yetu ya vuli hutegemea sana joto la Bahari ya Hindi, ambalo lilituletea gharika mwaka 1961, 1997 na 2019. Ninachosema ni kwamba anayepanga maji ya watu zaidi ya milioni moja kwa miaka hamsini ijayo aweke mezani ushahidi wote, na ushahidi wa tope letu wenyewe uwe miongoni mwake. KMFRI wana meli, RV Mtafiti, iliyokuwa ya Ubelgiji kwa jina la Zeeleeuw kabla ya kukabidhiwa Kenya. Mashapo yako hapa hapa, kuanzia Mwache hadi nje ya Kilindini. Vijana wa vyuo vya Pwani wako, wengi wamekaa maskani. Na barabara ya Dongo Kundu ilipokatwa, na reli mpya ilipofika Miritini, udongo mwingi wa enzi ya Jurasi ulipakiwa kwenye malori ukaenda kujaziwa mahali. Nilipita pale mara nyingi. Sikuwahi kumwona mwalimu na darasa lake pembeni ya ukuta ule wa kijivu, na mimi pia sikuwahi kusimama.

Kutoka kwenye shimo la Magongo nilichukua kipande kimoja, kiasi cha kiganja, nikakitia ndani ya bakuli la kioo la maji baada ya sala ya Isha. Kilianza kutoa viputo, kikachanika kwenye tabaka zake, na kabla sijalala kilikuwa kimeanguka chote kikawa tope. Alfajiri mchanga kidogo ulikuwa umelala chini kabisa, juu yake tabaka laini la kijivu, na juu ya hilo maji ya ukungu yaliyokataa kutulia. Mke wangu aliniuliza bakuli lake litarudi lini jikoni. Ukungu ule ulichukua siku tatu kushuka.